Utu wa Mgeni Asiye na Makao katika Riwaya

Je, ufukara humvua mtu utu wake? Riwaya za wahamiaji wa mijini hulikabili swali hili kwa uzito wa pekee, kwa kuwa mhamiaji fukara hukosa mali na pia jamaa wa kumsitiri.

Katika The Jungle (1906) ya Upton Sinclair, Jurgis Rudkus anatoka Lithuania na kuajiriwa katika machinjio ya Chicago. Kila shida ikizidi, huapa kuongeza bidii. Hata hivyo anafungwa jela, na anapotoka anaikuta nyumba aliyokuwa akiilipia kidogo kidogo imepakwa rangi mpya, na ndani wamo watu wengine. Hivyo riwaya inakanusha dhana kwamba fukara ni mvivu. Lakini wasomaji wengi walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama kuliko mateso ya wafanyakazi, na sheria ya ukaguzi wa nyama ilipitishwa Marekani mwaka huohuo. Walisoma habari za maskini bila kumwona maskini mwenyewe.

The Lonely Londoners (1956) ya Sam Selvon inawahusu watu wa Karibiani walioingia London baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Moses, mwenyeji wao, huwapokea wageni kituoni Waterloo ingawa mwenyewe hana kitu. Njaa inapombana, Galahad, mmoja wa wageni hao, anakamata njiwa bustanini, kisha anakula pamoja na Moses. Dhiki imewanyima chakula, haijawanyima ukarimu.

Nchini Kenya, Kill Me Quick (1973) ya Meja Mwangi inawafuata Meja na Maina, vijana waliosoma, wakakosa kazi mjini, wakalala vichochoroni na kula makombo ya mapipa ya taka. Kinachomtesa Meja kuliko njaa ni aibu ya kurudi kwao mikono mitupu. Mwenye kuona aibu bado anajiheshimu.

Dini nazo zimelijibu swali la utu wa fukara kwa lugha ya haki. Kurani, katika Surat at-Tawba aya ya 60, inawahesabu mafukara, maskini na msafiri aliyeharibikiwa miongoni mwa wanaostahili zaka. Biblia, katika Walawi 19, inaagiza masazo ya mavuno yaachiwe maskini na mgeni. Kwa hiyo utu wa fukara haupotei. Unaopimwa ni utu wa anayempita njiani.