Kisima cha Sadaka na Hisabu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu Waislamu, jumuiya zetu za kheri, alhamdulillahi, ni nyingi, na kila mwaka hutuletea karatasi za hisabu: fedha zilizoingia ni kadha, visima vilivyochimbwa ni kadha, mayatima waliovishwa ni kadha. Haya ni wajibu, kwani Mtume (S.A.W.) alimhasibu hata mtoza zaka wa kabila la Azd aliporejea na mali aliyotumwa. Walakini iko hisabu ya pili ambayo aghalabu hatuiulizi: yule aliyepewa, hali yake imekuwaje?

Wako wasemao, "Mimi nimekwisha toa kwa nia safi, yaliyobaki ni ya Mungu." Neno hili nusu yake ni kweli. Nia humfaa mtoaji mbele ya Mola wake. Lakini mwenye kiu hanywi nia ya mtu, hunywa maji, na maji yaweza kuwa mabaya.

Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Bangladesh. Zamani watu wengi huko walikuwa wakinywa maji ya mabwawa, na watoto wakifa kwa wingi kwa maradhi ya kuhara. Tangu miaka ya 1970 serikali yao, ikisaidiwa na UNICEF, ikachimba visima vya pampu. Wenyeji nao wakachimba vyao, hata vikawa mamilioni. Lau ungaliuliza idadi ya visima, jawabu lingalikuwa la kupendeza mno. Lakini katika ardhi ile mna sumu iitwayo aseniki, isiyo na rangi wala harufu wala ladha, na siku zile haikuwa ada kuipima katika maji. Mtu huinywa miaka, ndipo ngozi ikaingia mabaka, viganja vikawa vigumu, na wengine wakapata saratani. Sumu hiyo iligunduliwa visimani mwaka 1993, na mwaka 2000 wataalamu wakakadiria kuwa watu baina ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa katika khatari.

Siwalaumu waliochimba, walitaka kheri, wala hawakujua. Yatupasayo kutazama ni yaliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikapimwa visima karibu milioni 5. Chenye sumu kikapakwa rangi nyekundu, kilicho salama kikapakwa ya kijani, na watu wengi wakahamia kisima cha jirani. Rangi tu, ndugu zangu! Lakini miaka ikapita, rangi zikafutika, na vikachimbwa vingine visivyopimwa. Aliyepima mara moja akaketi, hakumaliza kazi.

Wala tusidhani kuwa kuulizia matokeo ni jambo la kigeni kwetu. Amepokea Abu Daud kuwa mtu mmoja wa Ansar alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba, wala hakuwa na kitu nyumbani ila nguo moja nene na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi kwa dirham 2, akamwamuru anunue chakula cha watu wake kwa moja, na kwa ya pili shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni, na kwamba asimwone hata zipite siku 15. Aliporejea alikuwa amepata dirham 10. Angalieni: muda uliwekwa, na mtu akarudi na khabari zake. Katika jumuiya zetu, ni nani aliyempa mjane cherehani, kisha akaenda baada ya miezi mitatu kutazama kama ashona au ameiuza?

Basi, enyi wasimamizi, kabla ya kuchimba waulizeni wanawake watekao maji, kwani wao ndio wajuao njia na foleni. Andikeni hali ilivyo kabla ya kazi, ni wangapi wauguao na ni saa ngapi zipoteazo. Bila ya hayo hamtakuwa na cha kulinganisha. Maji yapimwe kabla ya kufunguliwa, na kila mwaka baadaye. Na atakayekwenda kuuliza asiwe yule aliyelipwa kwa kazi ile, wala asifuatane na mfadhili. Maskini akiulizwa mbele ya mfadhili wake husema ahsante tu. Na lililoharibika liandikwe katika karatasi ya mwaka pamoja na lililofanikiwa.

Nawe mtoaji, ukisomewa kuwa kisima chako kimekauka, usiufunge mkono wako kwa wale waliokwambia kweli. Uliza chataka nini. Huenda ni kipande cha ngozi ya pampu, kitu kisichoandikwa jina la mtu ukutani, na kijiji kizima chakingojea.

Wabillahi tawfiq.