Zebaki na Haki ya Mfagizi wa Hospitali

Swali tunalotaka kulitazama ni hili: mwenye kumwajiri mtu kwa kazi yenye sumu, naye aijua sumu hiyo na asimwambie, je, amemtimizia haki yake kwa kuwa mshahara umefika mwisho wa mwezi?

Tuchukue mfano wa zebaki. Kipimajoto cha kioo huwa na kiasi cha gramu 1 hivi, na ile mashine ya kale ya kupimia presha, yenye bomba la kioo, yaweza kuwa na karibu gramu 100. Daktari wa meno naye huichanganya na fedha na bati apate amalgamu ya kuzibia jino, na nusu ya uzito wake ni zebaki. Kipimajoto kinapoanguka, zebaki hutawanyika kama ushanga wa fedha, ikaingia katika nyufa za sakafu, na huko ikageuka mvuke polepole bila ya kutiwa moto. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mwenye kuuvuta siku nyingi mikono humtetemeka, usingizi humpotea, husahau, hukasirika kwa jambo dogo, fizi humvimba, na figo zake hudhurika. Watu wa nyumbani husema amebadilika tabia, na wako watakaosema amerogwa.

Basi ni nani aliye karibu zaidi na sakafu? Si daktari. Ni mfagizi, aliyepewa ufagio akaambiwa, "Safisha." Na ufagio ndio usiofaa hapo, maana huyavunja matone yakawa madogo zaidi, na mvuke ukazidi. Ilipasa watu watolewe, madirisha yafunguliwe, matone yakusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, wala yasimwagwe katika sinki. Haya huelezwa kwa dakika 5 tu.

Tutaambiwa: "Daktari naye huvuta hewa ile ile, dhulma iko wapi?" Twajibu: daktari ajua, na mwenye kujua hufungua dirisha.

Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi hiyari ya kurudisha bidhaa akigundua aibu aliyofichwa. Ikiwa mbuzi mgonjwa hauzwi kwa siri, vipi kazi yenye sumu iajiriwe watu kwa siri? Tena jambo letu ni zito zaidi, kwani mbuzi hurudishwa kwa mwenyewe, na figo hairudishwi. Na wasemao, "Kazi aliiridhia mwenyewe," watuambie aliridhia nini, ilhali hakuambiwa kilichomo.

Huko Minamata, Japani, Dkt. Hosokawa Hajime alikuwa mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso. Mwaka 1956 alipeleka habari kwa wakuu wa afya juu ya maradhi mageni. Asili yake ilikuwa zebaki ya namna nyingine, iliyomwagwa baharini na kiwanda na kuwafikia watu katika samaki. Mwaka 1959 aliwatilia paka maji machafu ya kiwanda katika chakula, na mmoja akapatwa na maradhi yale yale. Wakubwa wa kiwanda waliificha habari hiyo, na kumwaga kukaendelea hata 1968. Hatusemi hospitali zetu ni Minamata. Twasema njia ya kuficha ni moja.

Mkataba uliopewa jina la mji huo, wa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto vya zebaki na kuviuza baina ya nchi. Lakini haukuamuru vilivyomo makabatini vitolewe. Basi vingi vitamalizika kwa kuvunjika, na ufagio utaitwa.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiriwa atoe habari akiona hatari, na yamzuia mwajiri kumrudisha mahali pa hatari kubwa kabla haijaondolewa. Ni vizuri. Lakini mtu atatoa habari gani ya kitu asichokiona wala kukinusa, na hakuna aliyemwambia?

Na waliokwisha kufanya kazi hiyo miaka mingi? Zebaki hupimwa katika mkojo. Kipimo hicho, kwa rai yetu, ni deni la mwajiri wala si fadhila yake, na aitwe hata mfagizi aliyekwisha kustaafu, alipiwe na nauli ya kuja.