Fidia Si Sadaka

Masomo: Kutoka 21:18-19 na 21:28-36, Luka 19:1-10



Sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka haisomwi mara nyingi kanisani. Tukiisha kusoma Amri Kumi katika sura ya 20, wengi wetu hufunga kitabu, maana yanayofuata ni habari za watumwa, ng'ombe, mashimo na meno yaliyong'olewa. Lakini Mungu yule yule aliyenena katika moshi wa Sinai ndiye aliyeendelea kunena, na mapema kabisa baada ya Amri alitaja jambo hili: mtu akiumizwa na mwenzake, au na mali ya mwenzake, nani atalipa, na atalipa nini.

Tazameni sheria ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa tangu zamani ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi damu iko juu ya mwenye ng'ombe, na anaweza kutozwa fidia ili aokoe maisha yake. Chini kidogo yuko mtu aliyechimba shimo asilifunike; mnyama wa mwingine akitumbukia, mchimba shimo atalipa. Na katika mistari ya 18 na 19 yuko mtu aliyempiga mwenziwe akalala kitandani, kisha akaamka akitembea kwa mkongojo. Huyo aliyepiga atalipa mambo mawili: siku ambazo mwenziwe alikaa bila kazi, na matibabu mpaka atakapopona kabisa. Angalieni, si mpaka bandeji ya kwanza itakapofunguliwa.

Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Mombasa tunaona malori mengi kuliko ng'ombe wa pembe. Usiku na mchana yanapita kutoka bandarini kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori kubwa kabisa, gari na mzigo pamoja, kufikia tani 56. Kitu cha uzito huo kikiwa hakina breki, pembe za ng'ombe ni mchezo. Na mara nyingi mwenye lori huwa amekwisha kuonywa: fundi amemwambia, dereva amempigia simu, mizani ya Mariakani imelikamata limezidisha. Akisema, "Lipeleke hivyo hivyo, tutatengeneza likirudi," amesimama penye mstari wa 29.

Haya hayatokei kwetu tu. Mnakumbuka habari za tarehe 30 Juni 2023 katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Jioni ile lori lenye kontena lilipoteza njia, likagonga magari, likawapitia watu waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara na wengine waliokuwa wakingoja usafiri. Watu zaidi ya 50 walikufa. Baadaye serikali iliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu, na watu wengi wakawa wanauliza, "Kwa nini akina mama wale walikaa pale?" Kulihukumu lori lile si kazi yangu. Nasema tu kwamba Musa hakuanza kwa kuuliza kwa nini marehemu alipita karibu na ng'ombe. Aliuliza ng'ombe ni wa nani, na mwenyewe alijua nini. Mahakama zetu nazo hupima: aliyeumia akiwa na sehemu ya kosa, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Hiyo ni haki. Lakini kupunguzwa si kufutwa.

Sasa nifike penye jambo lililonifanya niandike. Katika misiba yetu mambo huwa hivi. Siku ya tatu anafika mtu aliyetumwa na mwenye lori. Ana magunia mawili ya unga, sukari, na bahasha. Anaongea kwa upole, anavua kofia, anaombewa. Kisha anatoa karatasi, "ni ya kuonyesha tu kwamba tulikuja," na mjane anatia kidole gumba. Na wa kushuhudia ni nani? Mara nyingi ni mzee wa kanisa! Miezi sita baadaye mjane anapopeleka madai yake, karatasi ile inaletwa mbele ya hakimu kuonyesha kwamba familia ilikwisha kulipwa, ikaridhika, na haidai tena. Wazee wangu, nawasihi. Unga pokeeni, maana rambirambi ni jambo jema. Karatasi msiitie sahihi, wala msimshikie mtu kidole, mpaka imesomwa na mtu anayejua sheria.

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema, "Baba, tulisamehe. Mkristo hudai pesa ya damu?" Na pengine, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Kazi ya Mungu haina makosa, ndiyo. Lakini breki ni kazi ya fundi. Bwana wetu alipoambiwa habari za maafa alitaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kabisa kusema kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Kwa hiyo tusimsingizie Mungu makosa ya gereji. Tukifanya hivyo mbele ya mtoto aliyefiwa na babaye, tunamfundisha kumchukia Mungu bure.

Na kusamehe ni nini? Ni kuondoa chuki moyoni, kukataa kulipiza kisasi, kumwombea dereva yule (ambaye mara nyingi naye ni mtoto wa maskini aliyeendeshwa usiku wa tatu bila usingizi). Hayo ni yako, waweza kuyatoa leo. Lakini karo ya watoto wanne si mali yako uitoe. Mguu wa mumeo si wako uusamehe kwa niaba yake. Zakayo alisamehewa, wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ile ile, na hakuna aliyemwambia, "Kwa kuwa umesamehewa, zishike fedha za watu." Yeye mwenyewe alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Msamaha haukufuta deni; ulimpa Zakayo nguvu ya kulilipa kwa furaha.

Wengine watanionyesha 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu hawapaswi kushtakiana. Ni neno la kweli, na linaanza kumpata mwenye lori aliye Mkristo: kama hutaki ndugu yako akupeleke mahakamani, nenda kwake kabla hajakuita, ukalipe. Lakini Paulo yule yule alisimamia haki yake kule Filipi, hata wakuu wa mji wakaja wenyewe kumtoa gerezani, na mbele ya Festo alikata rufani kwa Kaisari. Tena kumbukeni kwamba mwenye lori huwa amekwisha kulipa bima kwa ajili ya siku kama hiyo. Ukikataa kudai kwa sababu ya upendo, kampuni ya bima inabaki na fedha hizo, na sijui upendo huo umemfikia nani.

Basi niseme kidogo jinsi sheria ilivyo, maana watu wetu huangamia kwa kukosa maarifa. Katika Kenya hakuna gari linaloruhusiwa kuwa barabarani bila bima ya kuwalipa watu wengine litakaowaumiza. Ndiyo sheria iitwayo Sura ya 405. Dereva akiwa katika kazi ya tajiri wake, kosa lake humwangukia tajiri. Mahakama ikitoa hukumu, kampuni ya bima hulazimika kulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi ni deni la mwenye lori mwenyewe. Kesi ya namna hii ifunguliwe kabla miaka 3 haijapita, na kampuni ya bima ijulishwe kabla ya kufungua kesi au katika siku 30 baada ya kuifungua. Wengi wamekosa haki yao kwa kungoja "mambo yatulie".

Yako mawili ambayo watu hawayajui. Mtu aliyepewa lifti katika lori la mizigo, bima hiyo ya lazima haikuwekwa kwa ajili yake. Akiumia, atabaki kumdai mwenye lori, ambaye huenda hana kitu. Vijana wanaodandia malori kurudi nyumbani Krismasi wasikie hilo. La pili ni la taniboi. Yeye ni mfanyakazi, na Sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia kwa walioumia kazini humpa haki bila ya kuthibitisha kosa la mtu yeyote, iwapo hakujiumiza kwa makusudi. Ila ajali iarifiwe kwa mwajiri kabla ya miezi 12. Wengi huambiwa, "Wewe hukuandikwa," wakaenda zao. Wasiende.

Mahakama hulipa kwa ushahidi, si kwa machozi. Gharama za dawa na usafiri zisizo na risiti ni vigumu sana kurudishwa. Wekeni risiti zote katika bahasha moja, hata ya shilingi mia. Chukueni abstrakti ya polisi, ile karatasi inayotaja gari, mwenyewe na bima yake, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Na mama muuza ndizi asidhani kwamba kwa kukosa hati ya mshahara hana cha kudai. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 2005 kwamba karatasi siyo njia pekee ya kuthibitisha kipato cha mtu. Jirani aliyemwona akiuza kila siku ni shahidi. Naye aliyemletea ndizi vilevile.

Jihadharini pia na madalali wa ajali, wanaofika wodini kabla ya kasisi wakiwa na fomu za kutia sahihi. Mtafute wakili wewe mwenyewe, ujue jina lake na ofisi yake. Akikuambia mtagawana nusu kwa nusu mkishinda, ujue kwamba Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya namna hiyo. Akilipwa akakuficha, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nayo hupokea barua ya mtu yeyote.

Nimewasemea walioumia, sasa niwageukie wengine. Wako katikati yetu waliojiandikisha kuwa abiria katika gari ambalo hawakulipanda, na waliofungwa shingo siku ya daktari tu. Huo ni ushuhuda wa uongo, amri ya tisa, na tena ni wizi juu ya walioumia kweli, maana kila dai la uongo hufanya la kweli litiliwe shaka. Na wako wanaokimbilia mzigo lori linapoanguka, kabla hata dereva hajatolewa. Kule Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto walipokuwa wameizunguka tangi ya mafuta iliyoanguka. Siwahukumu maskini wale. Lakini mtoto wako akikimbia na ndoo, mwite arudi.

Nanyi wenye malori, maana wapo wawili watatu katika parokia hii, na matoleo yenu tunayapokea kwa shukrani: siku dereva wako atakapokuambia breki si nzuri, ng'ombe wako ameshuhudiwa juu yake. Usiitafute bima iliyo rahisi kuliko zote. Kampuni za namna hiyo zimekwisha kuanguka na kuwaacha wajane na hukumu mkononi zisizolipika. Na ajali ikitokea, usimtume mtu na bahasha. Nenda mwenyewe, toa rambirambi yako bila karatasi, kisha uiandikie bima yako kweli yote. Katika Hesabu 5 mkosaji huungama, hulipa yote, na huongeza sehemu ya tano.

Mtu mmoja ameniuliza kama basi tuache harambee za matibabu, ikiwa sheria ipo. Tusiache. Msamaria hakungoja wanyang'anyi wakamatwe. Alilipa dinari mbili akaahidi kilichobaki, kwa sababu majeraha hayangoji na kesi huchukua miaka. Ila harambee yetu ni ya kumshika mtu mkono njiani. Haiwezi kumlisha mtu asiye na miguu kwa miaka thelathini, na tukijidanganya kwamba inaweza, baada ya mwaka mmoja tutakuwa tunampita upande wa pili wa barabara kama yule Mlawi.

Baraza la kanisa limekubali kwamba tutaweka daftari. Ajali ikitokea karibu nasi, yeyote aliyeona na aje aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, nambari ya lori na ya trela (huwa ni mbili tofauti), jina lililo ubavuni, mahali lilipotoka barabarani, na jina lake mwenyewe kama yu tayari kushuhudia. Mwenye simu apige picha kabla gari halijavutwa. Umoja wa Akina Mama watasaidia kutunza bahasha za risiti kwa wale walio hospitalini wasio na jamaa karibu. Daftari litakuwa ofisini kuanzia Jumapili ijayo, juu ya meza ya karani, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Wenu katika Bwana,
Kasisi wa Parokia