Kabla Hujawapa Jibu

Keti, mwanangu. Miguu yangu haivumilii tena kusimama, na neno nililokuitia halisemwi wima.

Hapa Mahagi-Port hakuna asiyejua unavyofundisha taekwondo jioni kule mchangani, mbele kidogo ya wanapoanika dagaa. Watoto wanakuita metre, yaani mwalimu. Nimekutazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Juzi yule binti wa muuza samaki alirusha mguu ukafika karibu na sikio la mwenzake. Ulitamka neno moja tu. Mguu ukakwama hewani, ukashuka taratibu, kisha wote wawili wakainamiana. Mwenzake hakuguswa hata unywele. Wengi wa watoto wale walikimbia kutoka Djugu na wazazi wao, na wengine hawakukimbia na mzazi yeyote. Mtoto mwenye hasira ya namna ile, kurusha mguu hakumshindi. Kuuzuia ndiyo kazi, na wewe umewafikisha hapo.

Sasa nasikia kuna watu walikujia usiku. Wana vijana wao huko juu milimani, wanataka ukawanoe wiki chache, na malipo ni dola. Majina yao usinitajie. Najua pia kwamba mama yako anaumwa na nyavu za kaka yako zimechakaa, kwa hiyo sitakuambia kwamba fedha si kitu. Nakuomba tu unisikilize kabla hujawapa jibu.

Mchezo huo unaoufundisha una historia yake, na sitakuficha upande wowote. Wakorea walitawaliwa na Wajapani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Hawajapumua, vita vikawagawa ndugu kwa ndugu, kuanzia 1950 hadi 1953, vikaacha nchi magofu. Jina la taekwondo lilitolewa mwaka 1955, na aliyelipigania kuliko wote, Choi Hong-hi, alikuwa jenerali wa jeshi. Wanajeshi wa Korea Kusini walifunzwa mateke hayo na wakaenda nayo hadi vita vya Vietnam. Kwa hiyo usije ukajidanganya kwamba mchezo wenyewe ni mtakatifu na utakulinda. Teke halichagui bwana. Anayechagua ni mwalimu.

Mwaka 1968, miaka 15 tu baada ya mizinga kunyamaza kwao, Mkorea mmoja aitwaye Kim Young-tae alifika Abidjan, Côte d'Ivoire. Hebu jiweke mahali pake. Nchi si yako, lugha huijui, na mchezo uliouleta hakuna anayeujua. Akaanza na wanafunzi wake wa kwanza. Hao wakawa walimu, nao wakafundisha walimu wengine. Wakati ule taekwondo haikuwa hata kwenye Olimpiki. Ilionyeshwa tu Seoul mwaka 1988, na ikaja kuhesabiwa kamili Sydney mwaka 2000. Mtu anafundisha zaidi ya miaka 30 mchezo ambao dunia bado haijaufungulia mlango huo!

Kisha ikaja Rio, Agosti 2016. Kijana wa Côte d'Ivoire, Cheick Sallah Cissé, yuko fainali na Mwingereza Lutalo Muhammad. Yuko nyuma, 6 kwa 4, na saa imebakiza pumzi moja. Akazunguka, mguu ukatua kichwani, 8 kwa 6. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu nchi ile ijitawale, na siku hiyo hiyo dada yao Ruth Gbagbi akachukua shaba. Vijana mnaipenda ile sekunde ya mwisho, mnairudia kwenye simu zenu mpaka chaji inakwisha. Mimi nikiiona, naiona miaka 48 nyuma yake, asubuhi kwa asubuhi, mtu anamrekebisha mtoto wa mwenzake namna ya kusimama. Miaka hiyo haina video.

Lakini Abidjan ni mbali. Nikupeleke jirani.

Kuna Mrundi anaitwa Parfait Hakizimana. Mwaka 1996, akiwa mtoto mdogo, kambi waliyokimbilia ilivamiwa. Mama yake aliuawa, naye akapigwa risasi iliyomharibu mkono wa kushoto. Unaijua hadithi hiyo bila mimi kukusimulia. Februari 2022 watu waliuawa usiku katika kambi ya waliokimbia makwao ya Plaine Savo, hapo hapo Djugu, zaidi ya 50, na baadhi ya watoto wako wa mchangani wanalijua jina hilo vizuri kuliko majina ya madarasa yao. Mtoto aliyempoteza mama namna ile, anayekuja kumwita kwa ajili ya kisasi hahitaji maneno mengi. Hakizimana aliingia kwenye taekwondo akiwa kijana, na mkono wake mmoja, akafika mkanda mweusi. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, akakimbilia Rwanda, kambi ya Mahama. Humo kambini akakusanya watoto wa wakimbizi akaanza kuwafundisha. Mwaka 2021 akasimama Tokyo, kwenye Olimpiki ya walemavu, katika timu ya wakimbizi ya watu sita. Medali hakupata. Akarudi kwa wanafunzi wake.

Nimemtaja kwa sababu yeye hakuwa na jengo, wala wizara, wala dola za mtu wa usiku. Alichokuwa nacho unacho, na mikono yako yote miwili ni mizima.

Na sisi Ituri tuna walimu wa aina nyingine, tusijifanye tumesahau. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya The Hague, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu iundwe, na ilikuwa juu ya watoto wetu. Thomas Lubanga, aliyeongoza wanamgambo hapa Ituri, alipatikana na hatia ya kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, mwaka 2002 na 2003. Akafungwa miaka 14. Kati ya yaliyoonyeshwa mahakamani ilikuwamo video ya Februari 2003, kambi ya Rwampara, karibu kabisa na Bunia: Lubanga mwenyewe anawahutubia vijana wa mazoezi, anawatia moyo. Ukiwatazama, wamejipanga mistari, wanafuata amri, kama wako. Nilikaa na wazazi wa watoto wa miaka ile. Wengine wanangoja hadi leo.

Tofauti iko wapi, basi, kati ya mstari ule na wako? Wewe saa kumi na mbili unawaachia watoto, kila mmoja anakwenda kwao, mama yake anamwona akiingia mlangoni. Hilo wale watu hawatakuruhusu. Wiki chache zikiisha wataomba nyingine, kisha watakuuliza yule binti mwenye mguu mwepesi ni wa nani.

Nimechoka, mwanangu. Nimezika sana. Sina dola za kushindana na zao. Lakini mjomba wako anahitaji mtu wa kuhesabu samaki wanaovuka ziwa kwenda Panyimur, upande wa Uganda, kazi ya asubuhi, na nimeshaongea naye. Padri amekubali mtumie ukumbi msimu wa mvua. Mama yako tutampeleka hospitali. Watu wa ukoo tutachanga Jumapili, na wewe utakuwepo uone nani katoa nini.

Kesho njoo na daftari. Tutaandika jina la kila mtoto na jina la anayemlea. Na wale watu wakirudi, waambie mzee amekukataza, kisha waelekeze kwangu.