Mbegu ya Kula au ya Kupanda?

Hapa Katanika mvua za kwanza hurudi karibu na mwezi wa 10, na udongo uliokauka wakati wa kiangazi huota majani. Vita vya 2016 na 2017 vilileta wakimbizi wengi kwetu. Mama mmoja wao ameshika mahindi mkononi: watoto wana njaa leo, na shamba la kuazima linangoja leo. Akizila mbegu, ametenda dhambi? Hapana. Njaa ya mtoto haingoji miezi 4. Ila jirani mwenye akiba, aliyeona akanyamaza, ndiye ataulizwa. Mvua hainyeshei shamba moja. Basi, kabla ya kumhukumu mwenzako, mpelekee bakuli la unga, mbegu yake iingie udongoni.