Ndege, Panya na Mifupa ya Watu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Daktari Emin Pasha alikuwa mgeni wa namna hiyo. Alizaliwa Oppeln mwaka 1840, akawa gavana wa jimbo la Ekwatoria mwaka 1878, na mwaka 1891 akapita bonde la Semliki, huku kwetu Beni. Mwenzake Stuhlmann alipanda Ruwenzori kwa bonde la Butahu; Emin hakufika naye juu, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Ndui ilipouingia msafara mwishoni mwa mwaka huo, aliwaruhusu wazima waondoke na Stuhlmann, mwenyewe akabaki na wagonjwa. Kwa hilo simnyimi heshima. Sisi tulioiona Ebola Beni na Butembo tunajua uzito wa kubaki.

Lakini alikuwa mkusanyaji pia. Alichuna ndege, akakausha ngozi zao na kuzipeleka kwenye makumbusho ya Bremen na London. Yule panya mkubwa wa msituni, mwenye mifuko mashavuni, wataalamu wamempa jina lake tangu 1910: Cricetomys emini. Babu zetu walimtega na kumla bila kungoja cheti hicho.

Makumbusho ya London yenyewe yalianza kwa mali ya tabibu mwingine, Hans Sloane, aliyekufa mwaka 1753 akiacha vitu zaidi ya 70,000. Warithi wake walilipwa pauni 20,000, na mwaka 1759 umma ukafunguliwa milango bila kiingilio. Sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye mashamba ya sukari ya Jamaika, jasho la watumwa, hilo lisisahauliwe. Ila kutoa hazina ya mtu mmoja iwe ya wote ni tendo ambalo mzee yeyote wa Lubero angelisifu.

Ugomvi wangu ni juu ya shehena moja. Pamoja na wanyama, Emin alipeleka London mifupa ya watu wawili wa kabila la Akka, mwanamke na mwanamume, kutoka nchi ya Wamangbetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu. Mwaka 1888 William Flower, mkuu wa makumbusho ya viumbe, akaichapishia maelezo, akipima mfupa baada ya mfupa. Ndege hana ukoo wa kumlilia. Mtu anao. Kwetu, kaburi lina wenyewe, na anayetaka hata kulima karibu nalo huanza kwa kuwauliza. Elimu ya Emin ilikuwa kubwa, na macho mabovu hayakumzuia kutenga jamii moja ya ndege na nyingine. Mpaka huu mmoja, wa kaburi, aliuvuka.

Nasikia wengine wakisema ni mambo ya kale, yamepita. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, jino moja tu, na taifa zima likasimama kulipokea kabla ya kulizika Kinshasa. Hakuna aliyesema miaka 61 tangu auawe ni mingi mno. Basi wale Waakka wawili nao waombewe njia hiyo hiyo, na barua ya kwanza iandikwe na wajukuu wa Waakka wenyewe, si na waziri.