Mume na Makamo ya Mkewe

Arusi ni ya siku moja. Ndoa ni ya siku zote zinazoifuata. Siku ya arusi ahadi hutamkwa mbele za watu, na vigelegele hupigwa. Lakini uzito wa ahadi haujulikani siku inapotamkwa. Hujulikana siku inapodaiwa. Moja katika siku hizo za kudaiwa huja kimya, bila barua wala mjumbe, mke afikapo umri wa kukoma hedhi. Watu wengi hulikwepa jambo hili katika mazungumzo yao. Insha hii yataka kulisema waziwazi kwa heshima, na kuuliza swali moja: mume ana wajibu gani kwa mkewe wakati huo, na kama hakuutimiza kwa sababu hakujua, je, ana lawama?

Yamkini wewe msomaji, mwenye miaka 16 au 17, utasema moyoni kwamba jambo hili halikuhusu. Hesabu kidogo. Mama aliyekuzaa akiwa na miaka 30 sasa ana miaka 46 au 47. Basi huenda jambo hili limo nyumbani mwenu hivi leo, nawe hulijui jina. Tena mvulana wa leo ni mume wa kesho, na msichana wa leo ni mke wa kesho. Mtu hajifunzi kuogelea siku mashua inapopinduka.

Kwanza na tuujue ukweli wenyewe. Mwanamke huzaliwa na akiba ya mayai ya uzazi katika ovari zake mbili. Miaka ipitapo akiba hiyo hupungua, na ovari hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Hedhi huanza kuja bila utaratibu, na mwishowe husita kabisa. Madaktari husema kwamba hedhi imekoma ikiwa miezi 12 imepita mfululizo bila damu, wala hapana sababu nyingine, kama vile mimba au maradhi. Wanawake walio wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Jambo hili si ugonjwa. Ni hatua ya maumbile, kama kubaleghe kulivyo hatua ya maumbile. Lakini wewe uliyebaleghe juzi wajua vyema kwamba jambo la maumbile si lazima liwe jepesi.

Estrojeni ina kazi nyingi mwilini zaidi ya uzazi. Kwa hiyo inapopungua, mengi huguswa. Joto la ghafla hupanda kifuani mpaka usoni, na jasho likatoka hata katika usiku wa baridi ya Limuru. Usingizi hukatika. Viungo huuma, moyo hupiga mbio, kumbukumbu huteleza, na huzuni huingia pasipo sababu ya kuonekana. Unyumba waweza kuleta maumivu. Baadaye mifupa nayo hupungua nguvu. Si kila mwanamke apatwaye na haya yote. Mmoja hupita kama avukaye kijito. Mwingine hupita kama avukaye mto uliofurika, na mafuriko hayo yaweza kudumu miaka kadhaa.

Sasa tumtazame mume asiyejua. Tuseme ni mwenye duka katika mji wowote, mtu wa heshima, aliyezoea mke mcheshi. Miezi ya karibuni mkewe hulitupa shuka usiku, huamka saa tisa akakaa gizani, husahau chumvi katika mchuzi, na maneno yake yamekuwa ya mkato. Mume humwuliza, "Mama watoto, una nini?" Naye hujibu, "Sina kitu, Baba watoto." Basi mume hujitafutia maana mwenyewe, na kwa kuwa hana elimu, hutumia dhana. Shuka lililotupwa hulisoma kuwa chuki. Chumvi iliyosahauliwa huisoma kuwa dharau. Kila dalili ya mwili huifasiri kuwa tusi.

Kutoka hapo njia huwa tatu. Mume wa kwanza hukasirika, akalipa ukali kwa ukali. Wa pili hufanya mzaha, akawasimulia wenzake barazani kwamba mkewe amezeeka. Wa tatu hukimbia: huchelewa kurudi, akatafuta nje faraja ambayo amekata tamaa nayo ndani. Watu hawa watatu hawafanani kwa tabia, lakini kosa lao ni moja. Wameyaona maumivu ya mtu mwingine wakayafanya kuwa habari yao wenyewe.

Mtetezi wa mume atasimama aseme, "Hakuambiwa." Utetezi huu una nguvu. Katika jamii zetu nyingi, habari za hedhi zilikuwa za nyanya na shangazi, nao waliwafundisha wasichana faraghani. Mvulana aliyekaribia alifukuzwa. Hata mke mwenyewe aghalabu hakuambiwa habari ya mwisho wa hedhi kama alivyoambiwa habari ya mwanzo wake, naye hushtuka sawasawa na mumewe. Haki haimhukumu mtu kwa mlango ambao hakuufunga yeye.

Lakini utazame mwenendo wa mtu huyu huyu katika mambo yake mengine. Ng'ombe wake akipunguza maziwa, humwita daktari wa mifugo siku ile ile. Gari lake likitoa mlio mgeni, hulipeleka kwa fundi kabla ya jua kutua. Hesabu ya duka isipolingana, hukesha na daftari mpaka senti ya mwisho ionekane. Kumbe kuuliza anajua. Huuliza habari za kila kitu anachokithamini. Basi kutojua kwake habari za mkewe, kama kulikuwa udhuru siku ya kwanza, hakuwezi kuwa udhuru mwaka wa pili. Kutojua hakuna lawama; lawama ni kukaa katika kutojua hali mlango wa kuuliza u wazi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mume amelala kitanda kile kile miaka 20, na bado hawajui kunguni wamwumao mwenzake. Methali haimpi udhuru, yamzidishia deni.

Wajibu wa kwanza, basi, ni kuuliza kwa upole na kungoja jibu. Neno "Sina kitu" mara nyingi ni mlango uliorudishwa tu, haukutiwa ufunguo. Mtu aogopaye kuchekwa hujibu hivyo. Wajibu wa pili ni matendo madogo: dirisha lifunguliwe, shuka zito libadilishwe kwa jepesi la pamba, na kazi ya jikoni penye moto mkali ipokewe na mume mwenyewe au na wanawe, wavulana kwa wasichana. Wajibu wa tatu ni kumsindikiza kwa daktari, akitaka, na kuitenga gharama bila kunung'unika.

Msaada wa tiba upo. Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa dawa za homoni uliofanyika Marekani ilisimamishwa, kwa kuwa iliongeza hatari ya saratani ya matiti na ya maradhi ya moyo. Wanawake wengi duniani wakaziacha dawa hizo kwa hofu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye dalili nzito, aliye chini ya miaka 60 au ambaye miaka 10 haijapita tangu hedhi yake ikome, faida mara nyingi huzidi hatari. Hata hivyo dawa hizo hazimfai kila mtu, na uamuzi ni wa mke na daktari wake. Jambo moja halina shauri: damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12, mke asikawie kwenda hospitali.

Hapa yafaa kuonya, maana elimu nayo yaweza kugeuzwa fimbo. Yuko mume ajifunzaye habari hizi, kisha akazitumia kumnyamazisha mkewe. Mke akilalamika kwamba karo ya watoto imeliwa katika vilabu vya pombe, yeye hutabasamu na kusema, "Huo ni umri wako." Huu ni udhalimu mbaya kuliko ujinga. Mwanamke aliyekosewa ana haki ya kukasirika akiwa na miaka 20, na haki hiyo haikomi pamoja na hedhi. Kumhurumia mtu kusiwe sababu ya kutomsikiliza. Mume mwema hupambanua: hili ni joto la mwili, nitafungua dirisha, lile ni dai la haki, nitalipa.

Huenda ukauliza, "Je, mume hana mzigo wake? Mwili wake hauzeeki? Kwa nini avumilie peke yake?" Swali ni la haki. Ndoa ni ya watu wawili, na mume aliyechoka ana ruhusa ya kusema kwamba amechoka. Lakini watu wawili wachukuao mzigo mmoja njiani hawasimami kila hatua kupima nani amebeba zaidi. Aliye na nguvu saa hii huchukua upande mzito, na saa nyingine mwenzake humpokea. Mke huyu alimpokea mumewe alipougua, alipofilisika, alipofiwa na mamaye. Lakini hata kama hesabu hiyo isingekuwako, wema ungoja malipo kwanza ni biashara, nayo ina mahali pake sokoni.

Wapo pia wasemao kwamba mwanamke aliyekoma kuzaa amekwisha kazi. Tazama Wahadza, waishio karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu waliokaa nao katika miaka ya 1980, mmoja wao akiwa Kristen Hawkes wa Marekani, waliona kwamba wanawake wazee ndio waliochimba mizizi kwa bidii kubwa. Mama alipokuwa na mtoto mchanga, afya ya watoto wake walioachishwa ziwa ilitegemea sana kazi ya nyanya yao. Wataalamu hao wakatoa rai kwamba huenda hiyo ndiyo sababu mwanamke huishi miaka mingi baada ya uzazi wake kukoma: wajukuu wake waliishi kwa jasho lake.

Habari hii ni nzuri, lakini tusiifanye kuwa nguzo yetu yote. Tukisema kwamba mke aheshimiwe kwa kuwa bado ana faida, tutasema nini siku atakaposhindwa kuinua jembe? Thamani ya mtu haipimwi kwa watoto aliozaa wala kwa mizizi aliyochimba. Mume aliyeoa tumbo la uzazi ataona kwamba mkataba wake umekwisha. Aliyeoa mtu atamwona mtu yule yule bado yupo, akihitaji mkono kuvuka mto.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba waliooana wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndoa inapoendelea, na inapovunjika. Hilo ni neno jema. Lakini hapana askari awezaye kuingia chumbani saa tisa ya usiku kumwamuru mtu aseme neno la upole. Sheria hulinda mipaka ya nyumba. Ndani ya mipaka hiyo hutawala tabia, na tabia hujengwa mapema.

Kwa hiyo, msomaji, usingoje kuoa au kuolewa ndipo uanze. Ukimwona mama yako akijipepea hali wengine wamejifunika, usicheke. Mpishe penye upepo, kisha uioshe sufuria ambayo angeiosha yeye. Wewe mvulana, usione haya kujua. Wewe msichana, usikubali kufundishwa kwamba mwili wako ni siri hata kwako mwenyewe. Anayejizoeza leo kuuliza, "Umelalaje?" na kulingoja jibu, atakapodaiwa ahadi yake hatakuta mkono mtupu.